Anza na Skrini: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Kompyuta Yako ya Kwanza ya Gemu

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Wengi mmekuja na orodha zenu mkononi, na karibu kila orodha ya mtu anayejenga kompyuta kwa mara ya kwanza huanza na mstari uleule: jina la prosesa, yaani chipu inayopiga hesabu za kompyuta. Naomba mstari huo muuache kwanza. Juu kabisa ya karatasi andikeni skrini mtakayochezea: ina pikseli ngapi, na inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Vifaa vingine vyote, hadi ukubwa wa pawasaplai inayogawa umeme, vinatokana na maandishi hayo mawili. Anayeanza na prosesa ni sawa na fundi aliyenunua mabati kabla ya kupima nyumba.

Tupige hesabu. Skrini ya 1920 kwa 1080, yaani 1080p, ina pikseli milioni 2.07. Ya 2560 kwa 1440, ambayo jioni hii nitaiita 1440p, ina milioni 3.69. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.29. Kadi ya picha inazipaka rangi pikseli zote hizo upya katika kila fremu, yaani kila picha moja inayoonyeshwa. Kwa hiyo ukihama kutoka 1080p kwenda 1440p umeiongezea kadi kazi kwa karibu asilimia 80, na ukirukia 4K umeizidishia kazi mara 4.

Halafu kuna suala la muda. Skrini ya hezi 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, inaipa kila fremu milisekunde 16.7. Ya hezi 144 inatoa milisekunde 6.9, na ya hezi 240 inatoa 4.2 tu. Ndani ya muda huo kadi inachora fremu moja huku prosesa ikiandaa inayofuata: adui yuko wapi, risasi imepita wapi, mlango umefunguka au bado. Kati ya hao wawili, atakayechelewa ndiye atakayepanga kasi ya gemu nzima. Mwenzake atakaa kumngoja, hata kama alinunuliwa kwa bei gani.

Shikeni jambo hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloelekeza pesa. Pikseli zinaielemea kadi. Fremu nyingi kwa sekunde zinaielemea prosesa. Prosesa haijali sana kama skrini yako ni 1080p au 4K, maana hesabu za adui na mlango ni zilezile. Mchezaji wa mashindano anayetaka fremu 240 kwenye 1080p anahitaji prosesa nzito na kadi ya wastani. Mpenzi wa gemu za hadithi ndefu zenye mandhari, anayeridhika na fremu 60 kwenye 4K, anahitaji kinyume chake. Watu hawa wawili wakiwa na pesa sawasawa hawapaswi kununua kompyuta zinazofanana.

Kwa mtu mwenye bajeti yenye mipaka anayetaka hali ya juu, ushauri wangu ni skrini ya inchi 27, 1440p, hezi 144 hadi 180, paneli ya IPS, aina inayotunza rangi hata ukiitazama kwa pembeni. Inchi 27 zenye 1080p zina pikseli 82 tu kwa inchi, na ukikaa karibu unaona vijingazi kwenye kingo za herufi. Kwa 1440p zinakuwa 109, na macho yanatulia. Hakikisha skrini ina FreeSync au imeandikwa inaendana na G-Sync, ili fremu zikishuka kutoka 120 hadi 90 skrini iifuate kadi na picha isikatike katikati. Na tafadhali msiiache skrini iwe kitu cha mwisho kununuliwa kwa chenji iliyobaki. Kadi inayotoa fremu 140 ikichomekwa kwenye skrini ya ofisini ya hezi 60, zaidi ya nusu ya fremu ulizolipia hutaziona kamwe.

Sasa bajeti. Toa kwanza skrini, kibodi, kipanya na leseni ya mfumo endeshi kama unahitaji kuinunua. Watu husahau vitu hivi halafu wanakuja kukatia kwenye pawasaplai. Kinachobaki tukihesabu kuwa ni 100. Kwa kompyuta ya 1440p, kadi ya picha ichukue 40 hadi 45. Prosesa 15 au 18. Mazabodi, bodi inayounganisha vifaa vyote, isizidi 12. Ramu (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), SSD (hifadhi ya gemu na mafaili) na pawasaplai zigawane kama 25, nazo ramu na SSD bei zake huyumba kuliko vifaa vingine vyote, kwa hiyo acheni nafasi hapo. Kinachobaki kiende kwenye kasha, feni na kipozeo. Hizi ni alama za njiani, ila ukiona mazabodi yako imefika 20 na kadi imeshuka hadi 30, jua orodha imekushinda nguvu.

Kwenye kadi ya picha nitakaa kidogo, maana ndiko pesa nyingi huenda na ndiko nyingi hupotea.

Ukishajua uwezo wa chipu, angalia kumbukumbu ya kadi. Mwaka 2025 Nvidia ilitoa RTX 5060 Ti kwa aina mbili, GB 8 na GB 16. AMD ikafanya vivyo hivyo kwa RX 9060 XT. Chipu ni ileile, jina kwenye boksi ni lilelile, tofauti ni tarakimu ndogo pembeni. Ukilinganisha wastani wa fremu katika gemu nyepesi utasema zinalingana kabisa, na ndipo mtu anapochukua ya GB 8 akifurahi kuokoa pesa. Shida inakuja gemu inapotaka tekscha, yaani picha zinazovishwa kuta, nguo na nyuso ndani ya gemu, nyingi kuliko nafasi iliyopo, na kwenye 1440p gemu kubwa za miaka hii zinafika huko bila taabu. Kilichozidi kinamwagikia kwenye ramu ya kompyuta, na kila kinapotakiwa lazima kivutwe tena kupitia PCIe, njia inayoiunganisha kadi na mazabodi. RTX 5060 Ti inasoma kumbukumbu yake yenyewe kwa GB 448 kwa sekunde. Njia yake ya PCIe ina mistari 8, na kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 mistari hiyo inapitisha kama GB 16 kwa sekunde. Ni pipa la maji unalolimimina kwa mrija wa kalamu. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri huku gemu ikishtuka kila ukigeuka kona. Gemu nyingine hazishtuki, zinafifisha tu kuta na nyuso za watu kimyakimya, na mchezaji anadhani ndivyo zilivyotengenezwa.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba tekscha nzuri ndio urembo wa bei nafuu kuliko wote. Kumbukumbu ikitosha, kupandisha tekscha kutoka wastani hadi juu hakupunguzi fremu kwa kiasi cha kuonekana, tofauti na vivuli au mwanga wa kufuatilia miale (ray tracing). Kwa hiyo kwa 1440p naiona GB 12 kuwa kiwango cha chini, na GB 16 kuwa mahali pa kutulia. GB 8 ziacheni kwa 1080p, na hata huko kwa bei ya chini kweli.

Mistari ya PCIe nayo itazameni, hasa mnaopachika kadi mpya kwenye kompyuta ya zamani. Radeon RX 6500 XT ya mwaka 2022 ilitoka na mistari 4 tu na kumbukumbu ya GB 4. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 ilijikongoja. Kwenye mazabodi ya PCIe 3.0, ambazo ndizo wanunuzi wengi wa kadi ya bei ile walikuwa nazo, ilipoteza fremu nyingi sana. Kadi za mistari 8 zinaumia kidogo tu kwenye 3.0, na zinaumia kweli pale tu kumbukumbu inapojaa. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua kumbukumbu kubwa ukiwa na mazabodi ya zamani.

Kuna anayeuliza achukue kampuni gani. Nvidia iko mbele kwenye kufuatilia miale ya mwanga, na kama utatumia kompyuta hiyohiyo kutengeneza vitu vya 3D kwenye Blender, programu nyingi za kazi zinaipendelea. AMD kwa kawaida inakupa kumbukumbu na nguvu zaidi kwa pesa ileile, na anayetumia Linux atapata draiva zake, yaani programu zinazoiendesha kadi, tayari ndani ya mfumo. Intel ilitoa Arc B580 yenye GB 12 Desemba 2024, na ni kadi nzuri kwa daraja lake, kwa masharti mawili: mazabodi yako iwe na Resizable BAR, inayoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa pamoja, na iwe imewashwa, na prosesa isiwe ya zamani, maana draiva zake zinaichosha prosesa kuliko za wenzake. Kuipachika kwenye prosesa ya miaka mingi nyuma ni kujinyima nusu ya raha yake.

Baada ya kuchagua chipu, utakutana na matoleo kumi ya kadi ileile: feni mbili, feni tatu, taa, bamba la chuma mgongoni. Kati ya toleo la bei ya chini na la bei ya juu la chipu moja, tofauti ya fremu ni asilimia chache tu. Kinachotofautiana ni kelele na joto. Chukua toleo la kati lenye kipozeo cha heshima. Toleo la fahari linapokaribia bei ya chipu ya daraja la juu yake, liache pale pale, daraja la juu litakupa mengi zaidi.

Kuhusu DLSS ya Nvidia na FSR ya AMD, zinazochora picha ndogo kisha kuikuza: zihesabuni, lakini kwa kipimo. Kwenye 1440p, hali ya ubora inachora ndani kwa takriban 1707 kwa 960, na matokeo yake leo ni mazuri kiasi kwamba wengi hawawezi kutofautisha. Kwenye 1080p hali hiyohiyo inaanzia 1280 kwa 720, na taarifa za kukuza ni chache mno, picha inakuwa kama imepitishwa maji. Hii ni sababu mojawapo ya mimi kuipenda 1440p. Ama utengenezaji wa fremu za kati, pale kadi inapobuni fremu za kujaza katikati ya zile za kweli, usiuweke kwenye bajeti kabisa. Unahitaji kuwa tayari na kama fremu 60 za kweli ndipo upendeze. Ukiwa na 30, macho yataona 60 lakini vidole vitahisi uzito wa 30 na nyongeza yake.

Tuje kwenye prosesa. Kwa gemu, koa 6 (core, yaani vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) za kizazi cha karibuni zinazidi koa 12 za kizazi cha zamani, kwa sababu kazi nyingi za gemu bado zinapita kwenye koa chache zinazokimbia. Ryzen 5 7600 ya AMD ina koa 6 na nyuzi 12, yaani inashika kazi 12 kwa wakati mmoja, inakula wati chache, na inauzwa na kipozeo chake ndani ya boksi. Kwa kadi ya daraja la kati kwenye 1440p inatosha kabisa. Prosesa nyingi za AMD zenye alama ya X3D zina kumbukumbu ya ndani ya kiwango cha tatu ya MB 96, wakati 7600 ina MB 32. Data ambayo ingefuatwa mbali kwenye ramu inakuwa jirani. Anayecheza gemu za urubani, za kujenga miji, au za mkakati zenye maelfu ya viumbe vinavyotembea kwa pamoja atauona utofauti mkubwa. Anayecheza gemu za mandhari kwa fremu 80 hatauona, na pesa ile ingemfaa zaidi kwenye kadi.

Ukitaka kujua nani anamchelewesha mwenzake kwenye kompyuta uliyonayo sasa, jaribio ni rahisi. Fungua gemu unayoipenda, tazama matumizi ya kadi, kisha shusha ukubwa wa picha kutoka 1440p hadi 1080p au chini zaidi. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale huku kadi ikitumika asilimia 60 au 70, prosesa ndiyo inayovuta miguu, na kadi mpya haitakusaidia lolote.

Soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye mazabodi, ni jambo la kufikiria kwa miaka. AM4 ya AMD ndiyo mfano bora tulionao: mazabodi nyingi zilizonunuliwa 2017 ziliweza, baada ya kusasisha bayosi, programu ya msingi ya mazabodi, kupokea Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022. Hiyo ni miaka mitano bila kubadili mazabodi wala ramu. AM5 ilianza 2022, na AMD imeahidi kuendelea nayo hadi 2027 na zaidi. Kwa mwenye bajeti ya sasa anayetaka kupandisha prosesa baadaye, AM5 ndiyo mahali pangu pa kwanza. Soketi ya LGA1700 ya Intel imeshafika mwisho wa njia, ila i5-12400F bado ni prosesa ya maana ikipatikana kwa bei ya chini. Herufi F mwishoni inamaanisha prosesa haina sehemu yake ya kuchora picha: kadi ikigoma huna namna ya kuona chochote kwenye skrini. Na kwa prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zenye nguvu kubwa, hasa zile za mtumba, kumbukeni kwamba mwaka 2024 Intel ilikiri tatizo la volti lililokuwa likiziharibu taratibu, ikatoa marekebisho ya bayosi na kuongeza waranti kwa miaka 2. Marekebisho yanazuia uharibifu mpya, hayaponyi chipu iliyoumia.

Mazabodi haiongezi fremu. Narudia kwa sababu ndipo wengi wanapotapeliwa na mapambo. Chipseti, chipu inayosimamia milango ya bodi, ya X870 ikilinganishwa na B650 inakupa milango na mistari zaidi ya kuunganisha vitu, basi. Unachohitaji ni bodi yenye vipande vya chuma vya kupoza sehemu ya umeme wa prosesa, nafasi mbili za M.2 za kuchomekea SSD, milango ya USB inayokutosha, waifai kama hutavuta waya, na kitufe cha kusasisha bayosi bila prosesa. Kitufe hicho kina thamani kubwa. Prosesa mpya kuliko bayosi ya bodi inaweza kukuachia kioo cheusi na feni zinazozunguka, na mtu akadhani ameuziwa kitu kibovu. Ukiwa nacho unaweka faili la bayosi kwenye fleshi yenye mfumo wa FAT32, unalibadilisha jina liwe lile lililoelekezwa na mtengenezaji, unachomeka kwenye mlango ulioandikwa, unabonyeza na kusubiri. Kwa wanaochukua LGA1700, chungeni: bodi nyingine ni za DDR4 na nyingine ni za DDR5, vizazi viwili tofauti vya ramu, na ramu ya upande mmoja haiingii upande wa pili.

Kwenye ramu, nunueni vipande viwili vya GB 16 vilivyouzwa pamoja. Kipande kimoja kinakata njia nusu, na katika gemu inayotegemea prosesa utaona fremu za chini zikidondoka vibaya. Vipande vinne navyo vina taabu yake: kwenye AM5 kasi rasmi ya vipande vinne vya prosesa za Ryzen 7000 ni 3600 tu. Kwa hiyo ile hesabu ya "nitaanza na viwili kisha nitaongeza viwili" haifai kwa DDR5. Kwa AM5 lenga DDR5 ya kasi ya 6000 yenye CL30, CL ikiwa ni hesabu ya mizunguko ambayo ramu inachelewa kabla ya kujibu. Kupata ucheleweshaji wake halisi, zidisha CL kwa 2000 kisha gawa kwa kasi: 30 mara 2000, gawa kwa 6000, ni nanosekunde 10. Ya CL36 kwa kasi hiyohiyo ni nanosekunde 12. Sasa mnaweza kulinganisha wenyewe bila kusoma matangazo. Ikiwa bei ya CL30 imepaa, CL36 haitakuharibia gemu.

SSD haina mambo mengi. Chukua NVMe, SSD inayopita kwenye PCIe, ya TB 1, na kama nafasi ipo TB 2, kwa sababu gemu moja kubwa siku hizi inapita GB 100. Ya PCIe 3.0 inasoma kama MB 3500 kwa sekunde na ya 4.0 kama MB 7000, lakini gemu nyingi zinafunguka kwa tofauti ya sekunde chache tu. Tafuta seli za TLC, zinazodumu zaidi, badala ya QLC, usiijaze hadi ukingoni, endelea na safari.

Pawasaplai ndiyo kifaa pekee kinachoweza kuua vingine vyote, na ndiyo kwanza inayokatwa pesa zikipungua. Anza na hesabu. Kadi ya wati 250, prosesa ya 7600 ikifika kama wati 88, na kila kitu kingine tukipe 60. Jumla ni karibu wati 400. Lakini kadi za sasa huruka ghafla kwa muda mfupi sana, mbali kuliko wastani wake, na pawasaplai iliyobanwa itajizima katikati ya gemu bila kukuambia sababu. Kwa hiyo kadi ya wati 250 ipe pawasaplai ya 650 iliyo nzuri, na kadi ya wati 300 ipe 750. Zilizojengwa kwa kiwango cha ATX 3.0 au 3.1 zimetengenezwa zikiijua mirukio hiyo.

Alama ya 80 Plus inawapoteza wengi. Inapima umeme kiasi gani unapotea kuwa joto: Gold inafika asilimia 90 ikiwa nusu ya mzigo, Bronze 85, kwa kipimo cha volti 115. Haisemi lolote kuhusu ulinzi wa ndani. Geuza pawasaplai usome kibandiko chake. Tafuta mstari wa volti 12, soma ampea, zidisha kwa 12. Inayojiita ya wati 600 lakini ina ampea 30 kwenye mstari huo inaweza kutoa wati 360 tu mahali ambapo kadi na prosesa zinakula. Hiyo irudisheni kwenye rafu. Waranti ya miaka 7 au 10 ni dalili nzuri zaidi kuliko rangi ya nembo.

Waya zake nazo zina sheria. Plagi ya pini 8 ya kadi imepangiwa wati 150, na nafasi ya PCIe inaongeza 75. Kadi yenye plagi mbili ipewe waya mbili tofauti kutoka kwenye pawasaplai, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kwa kadi nzito. Plagi mpya ya pini 16 lazima izame hadi mwisho, pasibaki mwanya. Mwaka 2022 zilionekana zikiyeyuka kwenye RTX 4090, na plagi isiyozama vizuri ilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Na kwa pawasaplai ambazo waya zake hutoka, usichukue kamwe waya wa pawasaplai nyingine hata kama unaingia. Upande wa kadi na diski umewekewa kiwango, upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5, diski inakufa papo hapo.

Kasha: mbele kuwe na wavu, si kioo kitupu. Linganisha urefu wa kadi na nafasi iliyoandikwa, na kimo cha kipozeo, maana vya mnara vingi vinafika milimita 155 hadi 160. Feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma zinatosha.

Wengi mtachanganya vipya na vya mtumba, na ni njia nzuri. Prosesa na ramu hazichakai kirahisi; kagua pini, ambazo kwa AM4 ziko kwenye prosesa na kwa AM5 ziko kwenye mazabodi. Kadi ya mtumba iendeshwe mbele yako kwa mzigo kamili dakika 20 au 30, usikilize feni, utazame joto na vidoadoa vya rangi kwenye picha. Pawasaplai ya mtumba usinunue. SSD ya mtumba nayo ningeiacha.

Vifaa vikishafika, viunganisheni juu ya boksi la mazabodi kabla ya kasha: prosesa, ramu, SSD, kipozeo, kadi, pawasaplai. Ramu ikae kwenye nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Ondoeni plastiki chini ya kipozeo. Pesti ya joto iwe kiasi cha punje ya choroko, au kubwa kidogo kwa prosesa pana. Msisahau waya wa pini 8 wa prosesa juu kushoto mwa bodi, maana bila huo feni huzunguka na hakuna kingine. Kwenye AM5 uwashaji wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa skrini ikiwa nyeusi kwa sababu bodi inaipima ramu. Msizime, subirini hata dakika kumi.

Ikiwaka, ingia kwenye bayosi uwashe EXPO au XMP, mpangilio wa kasi kamili ya ramu. Usipofanya hivyo, ramu uliyolipia 6000 itatembea kwa 4800. Hakikisha Resizable BAR imewaka. Waya wa skrini uwe kwenye kadi, usiwe kwenye mazabodi. Kisha fungua mipangilio ya skrini kwenye mfumo endeshi na uchague hezi 144 kwa mkono wako, kwa sababu mara nyingi yenyewe itakaa kwenye 60. Endesha gemu nzito saa nzima siku hiyohiyo, ukitazama joto la kadi na la prosesa, wakati muda wa kurudisha vifaa bado uko upande wako.